Choo Kimeziba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuzibua Choo Nyumbani

Mara nyingi choo cha kukaa huziba kwenye trapu, ile kona ya bomba iliyofinyangwa ndani ya sinki la choo lenyewe, karibu kabisa na maji unayoyaona. Ukilijua hilo, kazi nyingi unaweza kuimaliza kwa pampu ya mpira, ndoo na subira kidogo. Majibu haya yanaanzia pale maji yanapotaka kumwagika.

Maji yamepanda hadi karibu na ukingo. Nianzie wapi?

Usiflashi tena. Tangi la choo hushika takriban lita 6 hadi 9, na sinki lililojaa halina nafasi ya kuyapokea maji hayo, yataishia sakafuni. Fungua kifuniko cha tangi, uingize mkono, ukandamize kifuniko cha mpira kilicho chini katikati mpaka kizibe tundu. Maji ya tangini ni safi, usiyaogope. Ikiwa tangi liko ndani ya ukuta au hukioni kifuniko hicho, funga koki ndogo iliyo nyuma au pembeni mwa choo kwa kuizungusha kuelekea upande wa mishale ya saa.

Kisha subiri dakika 15 hadi 20 huku ukitazama usawa wa maji. Yakishuka polepole, bado kuna upenyo na yaliyoziba yanalainika. Yakibaki palepale, njia imefungwa kabisa. Sinki likiwa limejaa mno, chota maji kwa kata au kopo kuukuu na kuyaweka kwenye ndoo mpaka libaki nusu, la sivyo pampu itayarusha kila upande.

Nitajuaje kama ni choo tu kilichoziba au ni bomba kuu?

Swali hili lijibiwe kabla ya kushika kifaa chochote, kwa sababu anayesukuma pampu chooni wakati chemba ya nje, lile shimo lenye kifuniko la kukagulia bomba la maji taka, imefurika anajichosha bure.

Fungua maji kwenye sinki la kunawia, kisha bafuni. Kama kwingine kote maji yanaondoka vizuri, tatizo liko kwenye choo chenyewe au kwenye kipande cha bomba kinachokiunganisha na bomba kuu. Kama maji yanarudi juu kupitia tundu la sakafu ya bafu kila unapomwaga maji chooni, bomba ambalo choo na bafu hulitumia kwa pamoja ndilo lililoziba.

Hatua ya pili ni chemba. Funua ile iliyo karibu zaidi na choo. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake, upande maji yanakoelekea. Endelea kufunua moja baada ya nyingine: kizuizi kiko kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo tupu. Ikiwa chemba ya kwanza ni tupu na ndoo ya maji iliyomwagwa chooni haifiki hapo, kizuizi kiko kati ya choo na chemba hiyo. Ukaguzi huu ni wa dakika chache, na ndio unaotenganisha kazi ya kuzibua na kazi ya kubahatisha.

Kwa nini choo kinaziba wakati bomba lake ni pana?

Bomba la nje kwa kawaida lina upana wa milimita 100 hivi, lakini njia iliyo ndani ya trapu ni nyembamba zaidi, mara nyingi karibu nusu ya upana huo. Isitoshe, maji hulazimika kupanda kona kabla ya kushuka. Kilichopita trapu kwa shida huenda kikapita bombani bila taabu; kisichopita hukwama hapo, karatasi zikakishika, na ndani ya siku chache kizuizi kimekamilika.

Sababu kubwa ni nne: karatasi nyingi zilizotupwa kwa mkupuo mmoja, vitu ambavyo havikupaswa kuingia chooni, maji machache ya kuflashi, na ukoko wa chumvi za maji na mkojo unaopunguza upana wa njia mwaka hadi mwaka. Hii ya nne husahaulika sana kwa kuwa haionekani.

Ninahitaji vifaa gani?

Pampu ya mpira ya kuzibulia, glovu ndefu za mpira, ndoo ya lita 10, kata, matambara na sabuni ya maji. Springi ya kuzibulia ni nyongeza nzuri.

Pampu zenyewe si sawa. Ile bapa yenye umbo la nusu mpira ni ya masinki ya jikoni na bafu. Chooni huvujisha hewa pembeni. Ya choo cha kukaa ina shingo ya mpira inayochomoza chini yake na kuingia ndani ya tundu. Ukienda kununua, ikunjue shingo hiyo: iwe laini, isiyo na nyufa. Mpira uliokauka haushiki.

Pampu inatumiwaje ili ifanye kazi kweli?

Wengi huisukuma kwa nguvu mara tatu, maji yanaruka, wanakata tamaa. Kinachozibua ni maji yanayokwenda mbele na kurudi nyuma. Hewa ikiwa ndani ya mpira hubanwa na kupanuka tu, na nguvu yako inaishia humo.

1. Hakikisha maji yanaufunika mpira wote. Kama ni machache, ongeza kwa kata.
2. Ingiza pampu kwa kuilaza upande ili hewa iliyo ndani itoke, kisha isimamishe juu ya tundu.
3. Msukumo wa kwanza uwe wa taratibu sana. Huo ni wa kutoa hewa iliyobaki na kuukalisha mpira.
4. Sasa sukuma na kuvuta kwa mfululizo, mara 15 hadi 20, bila kuuachanisha mpira na tundu. Kuvuta kuna kazi sawa na kusukuma, na kwa kilichobanana sana pengine zaidi, kwa sababu kunakilegeza kutoka upande wa pili.
5. Mvuto wa mwisho uwe wa ghafla, ukiinua pampu juu kabisa. Tazama maji.

Maji yakienda kwa kishindo, njia imefunguka. Yakishuka kidogo, ongeza maji na urudie. Mizunguko mitano au sita si mingi kwa kizuizi cha karatasi. Kama mpira haushiki vizuri, upake mafuta ya kujipaka ukingoni. Zungushia matambara kwenye ukingo wa sinki, na mtu mwingine asisimame karibu.

Jaribio la mwisho lifanye kwa ndoo, si kwa kitufe cha kuflashi. Ndoo unaweza kuisimamisha wakati wowote. Tangi likishafunguka linamwaga mpaka liishe.

Sina pampu. Nifanyeje?

Anza na sabuni na maji ya moto. Mimina nusu kikombe cha sabuni ya kuoshea vyombo ndani ya sinki na uiache dakika 10 izame. Kisha mwaga lita 4 hadi 5 za maji ya moto, ya kiasi ambacho mkono unaweza kukistahimili kwa muda mfupi, kutoka usawa wa kiuno. Sabuni hulainisha pembe za trapu, joto huregeza mafuta na karatasi, na uzito wa maji yanayoanguka husukuma. Acha nusu saa. Kizuizi cha karatasi au kinyesi mara nyingi huachia kwa njia hii pekee. Sinki likiwa bado limejaa, chota kwanza, maana maji ya moto yakimwagwa juu ya maji baridi yaliyojaa hayafiki chini yakiwa na nguvu wala joto.

Lisipokubali, chukua mopu ya nyuzi, ivalishe mfuko mgumu wa plastiki, ufunge imara kwa kamba juu ya kichwa chake, kisha itumie kama pampu. Kichwa cha mopu huenea na kuziba tundu vizuri. Kamba ikilegea, mfuko nao utaingia bombani, kwa hiyo kaza mara mbili.

Acha waya wa kutundikia nguo uliokunjuliwa. Unakwaruza kauri, na penye mkwaruzo uchafu hushika tena haraka. Ukilazimika, zungushia kitambaa kwenye ncha yake na ukifunge kisichomoke.

Maji yanayochemka si yangefanya kazi haraka zaidi?

Hapana. Kauri iliyo baridi ikimwagiwa maji yanayochemka inaweza kupasuka, na sinki lililopasuka halizibiki. Joto hilo pia huweza kuharibu gasketi, ile pete ya nta au mpira inayozuia uvujaji chini ya choo.

Je, bikaboneti ya kuokea na siki vinazibua?

Kidogo sana. Vikichanganyika hutoa mapovu ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na ukali. Choo kiko wazi juu, kwa hiyo gesi hupanda hewani badala ya kusukuma kizuizi. Wanaosema iliwasaidia kwa kawaida walimalizia na maji ya moto, na hayo ndiyo yaliyofanya kazi. Siki peke yake ina faida nyingine: huyeyusha ukoko mweupe.

Na dawa kali za kuzibua, kostiki soda au asidi?

Tunashauri zisitumike chooni, na hatusemi hivi kwa woga wa bure. Kostiki soda humeng'enya mafuta na nywele, vitu vinavyoziba mabomba ya jikoni na bafu. Kilichoziba choo huwa karatasi, kitambaa, pedi au plastiki. Kitambaa cha nailoni na plastiki haviyeyuki kwa kostiki soda. Dawa hubaki imesimama ndani ya trapu, inapata joto, na sasa una sinki zima la maji yanayounguza ngozi na macho. Mtu wa pili akija na pampu bila kujua, yatamrukia usoni.

Asidi ya betri ni hatari zaidi. Ikikutana na maji hutoa joto kali la ghafla, na ikikutana na kostiki soda iliyomwagwa awali huchemka na kuruka juu.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nayo isimwagwe kwenye choo kilichoziba. Ikichanganyika na asidi, hata siki, hutoa gesi ya klorini. Ikichanganyika na amonia, ambayo hupatikana kwenye mkojo uliokaa, hutoa gesi inayokereketa mapafu. Ukihisi kifua kinabana au macho yanawaka, toka nje mara moja, acha mlango na madirisha wazi, usirudi kutazama.

Kama dawa imeshamwagwa, usisukume pampu. Vaa miwani na glovu, na umwambie fundi jina la dawa na saa iliyomwagwa kabla hajagusa kitu.

Springi ya kuzibulia inatumiwaje?

Chagua ya choo: ina mpini, bomba fupi lililopinda na kufunikwa mpira kwenye kona, na waya wa springi wa mita 1 hadi 2 ndani yake. Mpira huo ndio unaolinda kauri. Vuta waya wote ndani kwanza, weka kona kwenye tundu, kisha zungusha mpini kuelekea mishale ya saa huku ukisukuma taratibu. Mkono utahisi waya umegota. Kugota kwa mara ya kwanza huenda ni kona ya trapu tu, kwa hiyo endelea kuzungusha bila kulazimisha mpaka uteleze. Ukikutana na kitu kinachonesa kidogo, hicho ndicho. Zungusha mara kadhaa ncha ikamate, kisha vuta nje polepole ukiendelea kuzungusha upande uleule. Weka ndoo tayari, kwa sababu kitakachotoka kitakuwa kinachuruzika.

Kukivuta nje ni bora kuliko kukisukuma ndani. Tambara lililosukumwa litakungoja mbele, kwenye kona ya bomba usiyoifikia.

Mswaki, simu au mwanasesere ameangukia ndani. Nitumie pampu?

Usitumie, na usiflashi. Pampu itakipeleka kitu hicho ndani zaidi na kukikaza kwenye kona. Funga koki, chota maji yote, vaa glovu ndefu na uingize mkono. Vitu vingi huwa bado viko mwanzoni mwa trapu. Kama mkono haufiki, mashine ya kufyonza inayokubali maji inaweza kukivuta: ingiza mpira wake kwenye tundu, zungushia tambara lililoloa kuziba nafasi, kisha uiwashe. Mashine ya kufyonzea vumbi tu isitumike, maji yataiharibu na unaweza kupigwa na umeme.

Kilichobaki hapo ni kung'oa sinki. Hufungwa kwa nati mbili au nne sakafuni, na mahali pengine limeshikwa kwa saruji. La nati unaweza kulitoa: funga koki, flashi, kausha maji ya tangi na ya sinki kwa sifongo, legeza bomba la maji, fungua nati, linyanyueni watu wawili na mlilaze juu ya magunia. Kitu mara nyingi kitaonekana kwa chini. Gasketi ya nta haitumiki mara ya pili. Weka mpya, vinginevyo harufu na maji vitavuja chini ya choo bila wewe kuona. Lililoshikwa kwa saruji mwachie fundi.

Choo changu ni cha kuchuchumaa. Mambo ni yaleyale?

Karibu yote, isipokuwa trapu yake iko chini ya sakafu na tundu ni pana zaidi. Pampu yenye shingo haikai vizuri hapo. Ile bapa yenye mdomo mpana, au mopu iliyovalishwa mfuko, hufaa zaidi. Maji huwa machache, kwa hiyo jaza mpaka mpira ufunikwe. Kung'oa sinki lake ni kuvunja sakafu, ndiyo maana springi au kuzibua kutokea kwenye chemba kunatangulia.

Nimezibua lakini baada ya siku chache kinaziba tena. Kwa nini?

Huenda ulitoboa tundu katikati ya kizuizi na kukiacha kingine pembeni. Kitambaa kilichonasa kwenye ncha fulani ndani ya bomba huruhusu maji kupita na kukamata karatasi. Pitisha springi hata kama maji yanaenda.

Kama inajirudia miezi nenda miezi rudi, kagua mengine. Mizizi ya miti hupenya kwenye maungio ya mabomba ikifuata unyevu. Mteremko wa bomba nao una kipimo: sentimita 1 hadi 2.5 kwa kila mita hufaa kwa bomba la milimita 100. Bomba lililolala au kuzama katikati hubakiza uchafu. Bomba la hewa lililozibwa na majani au kiota cha ndege hufanya choo kigugumie na kuteremsha maji polepole, huku sinki la kunawia likitoa mapovu. Na kama shimo la septiki limejaa, kila kitu nyumbani huondoka taratibu, harufu hupanda, na ardhi juu yake hubaki na unyevu hata wakati wa kiangazi.

Hakijaziba, lakini kikiflashiwa hakina nguvu.

Mwaga lita 6 hadi 8 za maji kwa ndoo, kwa mkupuo mmoja, ukilenga tundu. Yakivutwa kwa nguvu, bomba liko wazi na tatizo liko kwenye tangi au ukingo. Angalia usawa wa maji ya tangi: uwe kama sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Ukiwa chini zaidi, rekebisha boya. Angalia pia mnyororo wa kifuniko cha mpira, kwani ukilegea mno kifuniko hakinyanyuki vya kutosha. Halafu shika kioo kidogo chini ya ukingo wa sinki: vitundu vya maji vilivyopakwa ukoko vizibue kwa kipande cha waya, kisha vilowe siki ya vuguvugu usiku kucha kwa kubandika karatasi zilizoloweshwa.

Tishu zenye unyevu zilizoandikwa kuwa zinafaa kutupwa chooni ni salama?

Zipime mwenyewe. Chukua chupa mbili zenye vifuniko, jaza maji nusu, tia kipande cha karatasi ya choo kwenye moja na tishu hiyo kwenye nyingine. Tikisa sekunde 10, ziache nusu saa, tikisa tena. Karatasi ya choo itakuwa imegeuka uji, kwa sababu nyuzi zake ni fupi na hazikutiwa kiimarishio cha kuhimili maji. Tishu nyingi zenye unyevu zitatoka nzima, unaweza hata kuzikamua, kwa kuwa zimefumwa kwa nyuzi ndefu ambazo mara nyingi zina plastiki. Kitakachobaki kizima chupani kitabaki kizima bombani.

Pedi, nepi, pamba, vijiti vya masikio, kondomu, uzi wa meno, nywele, tishu za jikoni na mafuta ya kupikia vyote viende kwenye pipa la taka. Pedi na nepi hunywa maji na kuvimba ndani ya trapu. Mafuta huganda yakipoa. Weka pipa dogo lenye kifuniko chooni, kwa kuwa watu hutupa panapokuwa karibu.

Chemba imefurika. Naweza kuizibua mwenyewe?

Kwa fimbo za kuzibulia zinazoungwa kwa skrubu, ndiyo, ukiwa juu ya ardhi. Ukifanya kazi kutokea chemba iliyo tupu, simama pembeni mwa mdomo wa bomba, maana likifunguka uchafu utakuja kwa kasi. Zungusha fimbo upande wa mishale ya saa tu. Ukizigeuza kinyume zitafunguka na kubaki ndani ya bomba.

Usiingie ndani ya chemba ya kina kirefu wala shimo la septiki, hata kwa dakika moja, hata kumwokoa aliyeanguka. Gesi ya hidrojeni salfaidi na upungufu wa oksijeni humwangusha mtu kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele, na anayemfuata huanguka juu yake. Usiwashe kiberiti kumulika, kuna methani. Watoto wawe mbali mpaka kifuniko kirudi.

Baada ya kuzibua nisafishe vipi?

Mwaga maji safi mara mbili, ukiwa umeisimamisha pampu ndani yake ijisuuze. Osha sakafu na ukingo kwa sabuni kwanza. Kisha, kama hakuna dawa nyingine iliyotumika, changanya sehemu 1 ya dawa ya klorini na sehemu 9 za maji, paka, acha dakika 10, suuza. Milango ibaki wazi. Matambara yatupwe au yaloekwe peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni hata kama ulivaa glovu.

Wakati gani nimwite fundi, na nimwambie nini?

Mwite ikiwa vyoo viwili au zaidi vimeziba kwa pamoja, maji taka yanarudi kupitia bafu, springi imepita mita zake zote bila kukuta kitu, au maji yanavuja chini ya sinki. Mweleze ni matundu gani ya maji yanakwenda na yapi hayaendi, chemba ipi imejaa na ipi ni tupu, kitu gani kinadhaniwa kuingia, na dawa iliyomwagwa kama ipo. Kwa maelezo hayo atajua kama aje na springi ndefu, fimbo au gari la kunyonya maji taka, na hatalazimika kurudi siku ya pili.